Tufe la Zuhura

Hilux nyeupe ilichomoka barabara kuu bila kuwasha taa, ikaruka ukingo wa njia, ikaingia mtaa wa Ansab kwa mwendo wa mtu aliyekwisha kujua kwamba anafuatwa.

Mahfoudha akakata usukani.

Land Cruiser yake ililalia ubavu, ikatikisika, ikarudi kwa miguu yake minne. Chai ya karak ikamwagika kwenye zulia. Hakuitazama. Macho yake yalikuwa kwenye namba za gari la mbele, zilizopakwa tope makusudi katika mji ambao haujaona mvua tangu mwaka jana.

"Anateremka upande wa Bawshar," alisema. Kipaza sauti kilikuwa ndani ya ushungi wake, kidogo kama punje ya choroko. "Nadhani anakwenda mchangani."

"Mwache aende," sauti ya Jaifar ikamjibu sikioni. "Mchangani hakuna watoto."

Jaifar alikuwa mkuu wake wa kazi, mzaliwa wa Tabora aliyeletwa Maskati akiwa mdogo, na hadi leo akikasirika hutukana kwa Kinyamwezi. Idara yao haina kibao mlangoni. Nyumbani kwao Mahfoudha, familia ya Kiunguja iliyojaa walimu na madaktari, wote waliamini kwamba binti yao anakagua mizigo forodhani. Haukuwa uongo mtupu. Alikuwa akikagua.

Mzigo wa siku hiyo uliletwa na Suud, dereva wa ile Hilux. Suud alikuwa mtu wa magendo. Hubeba chochote kutoka ng'ambo ya mpaka, na haulizi. Lakini safari hii mtoa habari wa mpakani alinong'ona kwamba si sigara wala pombe. Ni kitu kidogo, kizito, kilicholazwa ndani ya sponji kama yai. Asubuhi Suud alionekana akiingia Rusayl, kwenye maghala ya viwandani, akapotelea humo. Alipotoka, Mahfoudha alikuwa akimngoja.

Nyumba zikaisha. Lami ikaisha. Kilima cha mchanga wa Bawshar kikasimama mbele yao, chekundu, na nyuma yake mapaa ya maduka makubwa.

Hilux ikakipanda kwa hasira. Ikafika kileleni. Ikazamisha pua.

Suud akaruka nje, akatimua mbio.

Mahfoudha hakukimbia. Alikizunguka kilima kwa chini, polepole, kwa gia nzito, mpaka akamtokea mbele. Akateremsha kioo. Ilitangulia bastola yake, Glock 19, kuchungulia, kisha sura yake.

"Umechoka," alimwambia. "Kaa chini."

Suud akakaa.

Ndani ya Hilux kulikuwa na sanduku jeusi la Pelican, lile la kubebea mitambo. Mahfoudha akalifungua kwa ncha ya kisu. Tupu. Sponji ya ndani ilikuwa imechongwa umbo la duara, pana kama chuma cha kuchomea chapati, nene kuliko kidole gumba. Akaipangusa kwa karatasi ya kupimia, akaidondoshea dawa kutoka kichupa kidogo.

Karatasi ikageuka zambarau.

Baruti ya jeshi. Ile laini, inayokandika kama unga wa ngano.

Suud alipoiona ile karatasi, rangi ilimtoka. Aliapa kwa jina la mama yake kwamba hakujua. Yeye aliambiwa ni kipuri tu. Alimkabidhi Mzungu mmoja mwenye ndevu za mvi, mlangoni mwa ghala, na yule Mzungu alikipokea kwa mikono miwili, akakibusu kama mtoto.

"Kipuri cha nini?" Mahfoudha aliuliza.

"Kifuniko cha kamera," Suud akasema. "Ndivyo alivyosema yeye. Kifuniko cha kamera."

Mahfoudha akampa Jaifar namba ya ghala. Kwa muda hakusikia kitu ila vidole vikigonga kompyuta. Halafu akasikia tusi la Kinyamwezi.

"Ghala hilo ndilo lilikowekwa lile tufe," Jaifar akasema. "Limeshaondoka. Liko Bawshar, ukumbini. Watu wanakunywa kahawa wamelizunguka."

*

Habari ya tufe ilijulikana Oman nzima. Mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na mbili Wasovieti walirusha chombo kisicho na mtu kwenda sayari ya Zuhura. Roketi yake ya mwisho ikazimika kabla ya wakati. Chombo hakikufika Zuhura wala hakikurudi nyumbani. Kikabaki kuizunguka dunia kwa zaidi ya nusu karne, mpaka mwaka jana kilipochoka na kuanguka. Vingine vyote viliungua hewani. Tufe la katikati, lililoundwa kustahimili joto la kuyeyusha risasi, halikuungua. Mfuga ngamia alilikuta jangwani limejikita kwenye changarawe, jeusi, likitoa moshi.

Kwa sheria za dunia, kinachoanguka kutoka angani ni mali ya aliyekirusha. Serikali ikaamua kulirudisha kwa heshima. Siku hiyo, baada ya sala ya Alasiri, waziri angelikabidhi kwa balozi, na papo hapo wangetia sahihi mkataba wa kurusha chombo kipya kutoka pwani ya Oman. Walikuwapo watu ng'ambo, wauza silaha waliokuwa wakiitaka pwani hiyo kwa shughuli zao wenyewe, ambao mkataba huo uliwakaa kooni. Jaifar alizijua sura zao. Hakujua wangepiga wapi.

Sasa alijua.

"Ndani ya tufe mna baruti kongwe," alimweleza Mahfoudha, ambaye tayari alikuwa akipasua njia kuelekea ukumbini. "Zilikuwa za kufyatua mwavuli wake wa kushukia. Wataalamu walithibitisha zimekufa zamani. Likiripuka leo, unafikiri dunia itasema nini?"

"Itasema wataalamu walikosea."

"Ajali. Mkataba umekufa, waziri amekufa, balozi amekufa, na hakuna wa kumtafuta." Akaongeza: "Mahfoudha, mna na wanafunzi mle. Skuli ya wasichana."

Mahfoudha akakanyaga mafuta.

*

Ukumbi ulinukia udi. Wageni walikuwa wamesimama makundi makundi, kanzu nyeupe na suti nyeusi, na wahudumu wakipita na mabirika ya kahawa. Wasichana wa skuli walijipanga ukutani wakisukumana kwa viwiko. Katikati, juu ya jukwaa fupi, tufe.

Mahfoudha alitegemea kuona kitu kikubwa. Lilikuwa la kumfika kifuani tu. Kandokando lilikuwa limeungua likawa na magamba kama mkate uliosahauliwa tanurini. Na ubavuni, upande wa wageni, lilibandikwa kifuniko cha duara kinachong'aa.

Kipana kama chuma cha kuchomea chapati.

Mwenye dhamana ya tufe alikuwa Dokta Nadra, mhandisi wa vyombo vya anga, mwanamke mrefu mwenye miwani, ambaye familia yake na ya Mahfoudha zilitoka mtaa mmoja wa Unguja. Jaifar alikwisha mpigia simu, akamwambia maneno machache: anakuja mtu, mpokee kama ndugu yako, fanya atakavyosema. Nadra akamkumbatia mbele za watu na kumuuliza kwa sauti habari za shangazi.

"Shangazi mzima," Mahfoudha akasema, kisha chini ya pumzi, kwa Kiswahili: "Kile kifuniko kimetoka wapi?"

Nadra akageuka kukitazama. Alieleza kwamba asubuhi hakikuwapo. Alipofika hapa mchana na kukikuta, mtaalamu wa kutengeneza vitu vya makumbusho aliyeletwa kutoka Ulaya, Profesa Marten, alimwambia amekipata kati ya vipande vilivyookotwa jangwani, akakirudisha mahali pake. Naye Nadra alikuwa na wageni mia wa kushughulikia.

Mahfoudha akatia mkono mkobani. Mle alikuwa na kinasa mawimbi, mtambo mdogo kama kiberiti, uliounganishwa na kidude cha sikioni mwake. Kama kifuniko kilikuwa kikingoja amri ya redio, mtambo ungenguruma. Akasogea. Akalizunguka tufe kama mtalii.

Kimya.

Hapo ndipo Profesa Marten alipowajia, kikombe mkononi, ndevu za mvi zimechanwa vizuri. Aliwasalimu kwa Kiarabu safi. Nadra akamtambulisha binamu yake, mpenzi wa mambo ya nyota, kisha akamwomba amweleze binamu kile kifuniko ni cha nini. Marten akaeleza kwa furaha. Nyuma ya kifuniko, alisema, kulikuwa na kamera ambayo ingeipiga picha ardhi ya Zuhura, na kifuniko kiliilinda isiungue njiani.

Nadra akatikisa kichwa kwa heshima. Akamgeukia Mahfoudha, akasema kwa Kiswahili, sauti ile ile ya kusifu chakula:

"Vyombo vya mwaka ule havikuwa na kamera. Picha ya mwanzo kutoka ardhi ya Zuhura ilikuja miaka mitatu baadaye, kwa chombo chengine kabisa. Huyu bwana hakijui alichokishika."

Mahfoudha akatabasamu.

"Cheka," alimwambia. "Cheka kama nimekupa habari ya harusi."

Nadra akacheka.

Profesa Marten naye akacheka.

Alicheka kabla ya Nadra.

Ilikuwa tofauti ya kufumba na kufumbua, lakini Mahfoudha aliishi kwa tofauti za namna hiyo. Huyu mtu alikuwa akisikia Kiswahili. Wakatazamana, yeye na Mzungu, wote wawili bado meno nje. Kisha Marten akakiweka kikombe chake juu ya meza, kimejaa, akainamisha kichwa, akaondoka. Hakuharakisha. Alisimama kumpa mkono balozi. Wahudumu wakamzuia na sinia la halwa.

"Jaifar. Ni huyo Profesa. Anatoka. Lakini tufe halitoi mawimbi yoyote."

"Hayapo?"

"Mtambo umekufa kimya."

"Usiuamini haraka," Nadra akamshika mkono. Alisema maneno upesi upesi, jicho likiwa kwa Marten. "Sikiliza. Vyombo vya mwanzo kwenda Zuhura vilikuwa vikifa tu. Vyengine havikuvuka hata anga yetu. Vyengine vilifika, hewa ya kule ikaviminya kama makopo. Ikawa kila wakirusha, wanatia chuma kinene zaidi. Mwaka wa sabini kimoja kikateremka, mwavuli ukapasuka, kikaanguka, redio ikanyamaza. Wakasema ndiyo hivyo, tumekosa tena. Baadaye mtu mmoja akaisikiliza ile kanda upya, akakuta ndani ya makelele mna kinong'ono. Chombo kilikuwa kimelala ubavu ardhini kwenye Zuhura, kinasema nao. Kilikuwa hai. Hawakukisikia kwa sababu walikisikiliza kwa haraka."

Mahfoudha akaelewa. Akaugeuza mtambo, akaulazimisha kukaza sikio mpaka mwisho. Akasimama karibu na tufe. Akafumba macho.

Makelele ya simu za watu. Makelele ya taa. Makelele ya vipaza sauti.

Na chini kabisa, tik.

Kimya kirefu.

Tik.

Na baada ya kila tik ya tufe, kutoka mahali pengine, nje ya ukuta, ikaja nyingine ya kuijibu.

"Humam, umesikia?" Jaifar aliuliza kwenye laini.

Humam alikuwa fundi wa kutegua mabomu, mtu mpole anayezungumza kama imamu. Alikuwa njiani, gari lisilo na alama. Akawaeleza bila kupandisha sauti. Bomu hilo halikungoja amri. Lilikuwa kama mbwa na bwana wake: linauliza upo, naye anajibu nipo. Siku bwana asipojibu, linauma. Marten hakuhitaji kubonyeza kitu chochote. Angeingia garini mwake, aliage jua la Bawshar, na mara akishafika mbali, jibu lisipofika, ukumbi ungeruka.

"Msiyazuie mawimbi," Humam akasema. "Msikibandue kifuniko. Na msipige kelele. Mwenyewe akiona watu wanakimbia, atakizima kinachojibu."

Wakati huohuo adhana ya Alasiri ikaanza.

Nadra na Mahfoudha wakaangaliana. Hawakuhitaji kuambizana. Nadra akajipangusa uso kwa ncha ya ushungi, akamfuata mwalimu wa wasichana, kisha mtu wa itifaki wa waziri. Msikiti ulikuwa nyuma ya jengo, upande wa pili wa maegesho. Akawaomba wote, kwa adabu, waanze kutoka mapema kwa sababu mahali pa kutawadhia ni padogo. Hata wasiosali wakaombwa wakaone bustani. Kanzu nyeupe zikaanza kusogea mlangoni, pole pole, kama watu wasio na neno lolote moyoni.

Marten alikuwa ameshatoka.

*

Mahfoudha akapita mlango wa jikoni. Jua lilimpiga usoni. Maegesho yalijaa magari hadi ukingoni, yote yanang'aa, yote yanafanana.

Akatembea kati yake, mkono mkobani.

Tik. Hafifu.

Tik. Hafifu zaidi. Akageuka.

Tik. Sasa ilikuwa sauti kamili.

Kwenye Lexus ya kijivu iliyoegeshwa pua ukutani, mtambo ukagonga sikioni kama msumari. Kilichokuwa kikilijibu tufe kilikuwa kwenye buti la gari hili. Mahfoudha akachungulia ukingoni. Marten alikuwa akija, mikono mifukoni, bado mbali, akipishana na wanaokwenda msikitini na kuwaitikia salamu.

Land Cruiser haikuwa mbali. Aliirudisha kinyumenyume mpaka bampa yake ikaibusu ya Lexus. Mbele ukuta, nyuma chuma. Akazima injini. Akateremka, mkono wenye bastola chini ya baibui, akaegemea mlango.

Marten aliona. Hakupunguza mwendo.

"Dada, gari yako imenizibia njia," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha bandarini Mombasa, kizuri.

"Naona."

"Basi nitaliacha gari. Nitatembea." Alitoa ufunguo mfukoni, kidole gumba juu yake. "Nitachukua tu kitu changu kidogo kwenye buti."

"Kikae."

"Bastola yako ni ya bure," Marten akasema kwa upole, kama anamshauri mwanafunzi. "Risasi ikilipata buti, unajua. Ikinipata mimi, ikanipenya hadi kwenye buti, unajua. Watoto bado hawajatoka wote. Nimewahesabu."

Nyuma ya bega la Marten, Mahfoudha aliona safu ya wasichana ndiyo kwanza inachomoza mlangoni, wawili wawili, wamekamatana mikono. Sikioni tufe likauliza. Buti likajibu.

Marten akabonyeza. Buti la Lexus likatoa mlio, likaanza kujinyanyua, lakini bampa ya Land Cruiser ilikuwa imeligusa. Likanyanyuka shibiri moja, likakwama.

Akajitupa kwenye ule mwanya, mkono mbele.

Mahfoudha alikuwa na Glock mkononi na hakuipiga. Bastola nayo ni chuma. Aliishusha kwa kitako juu ya kifundo cha ule mkono, kwa uzito wake wote, akasikia mfupa ukiitikia. Marten hakupiga kelele. Akampiga kiwiko cha kifuani. Pumzi ikamtoka, baibui likamnasa kwenye kioo cha pembeni, likachanika. Wakaanguka pamoja kati ya magari mawili, kwenye lami ya moto. Mzungu alikuwa na nguvu kuliko umri wake. Mkono wake mzima ukapata koo la Mahfoudha.

Mji ukaanza kuwa mweusi pembeni.

Hakupigana na ule mkono. Alivuta goti, akalikita mahali ambapo hakuna mwanamume anayesahau, na koo likawa lake tena. Akamgeuza kifudifudi. Akamfunga vifundo kwa mkanda wa plastiki, na mkono uliovunjika akaufunga polepole kidogo. Si kwa huruma. Mikono inayotetemeka hufunga vibaya.

Tik, likasema tufe.

Tik, buti likajibu.

"Nani kanisema?" Marten aliuliza, shavu likiwa chini. "Ni Suud?"

"Kamera."

Marten akainua macho kuzitazama nguzo za maegesho. "Kamera za upande huu hazifanyi kazi. Nilihakikisha."

"Si hizo," Mahfoudha akamwambia. "Ile ya kwenye tufe."

Ilimchukua muda. Kisha yale maneno ya Nadra yakamrudia, na akafumba macho kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

*

Haikuwa imekwisha.

Humam aliingia ukumbini na vijana wake wawili, wamevaa mavazi ya watengeneza viyoyozi. Wageni wote walikuwa msikitini au bustanini, wasijue kitu. Mahfoudha alibaki nyuma ya Lexus, amechuchumaa, ameingiza mkono wote kwenye mwanya wa buti. Katika purukushani ule mtambo wa kujibu ulikuwa umedondoka upande, na waya wa betri umelegea. Aliuhisi ukicheza kama jino la mtoto. Akaubana kwa vidole viwili, akaganda hivyo hivyo.

Kidole kikiteleza, tufe lingeuliza na lisijibiwe.

Sikioni alimsikia Humam akimwamuru Dokta Nadra atoke. Alimsikia Nadra akikataa. Kifuniko, Nadra alisema, kimebandikwa juu ya mshono wa tufe. Ukikitia patasi kwa upande usiofaa kitajipinda, na waya zilizo nyuma yake zitakatika. Yeye ameugusa kila mshono wa chuma hiki kwa vidole vyake. Atawaonesha pa kuingilia.

"Una watoto, Dokta?" Humam akamuuliza.

"Wawili. Mmoja yuko na skuli yake hapo bustanini. Anza."

Mahfoudha alisikia patasi. Alisikia pumzi za Nadra, fupi fupi. Jasho likamwingia machoni na hakuwa na mkono wa kujipangusa. Kiganja kilichobana waya kilikuwa kimeloa. Akajikuta anasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, akafika katikati, akasahau, akaanza tena.

Tik. Tik.

"Kushoto," Nadra akanong'ona kule ndani. "Zaidi. Hapo ndipo."

Tik. Tik.

Tik.

Kisha kinong'ono kikakatika.

Mahfoudha hakuvuta pumzi. Waya bado ulikuwa kati ya vidole vyake, umekaza. Buti lilikuwa tayari kujibu, na hapakuwa na wa kuliuliza. Akautazama ukuta wa ukumbi, mweupe, mrefu. Akangoja ufunguke.

Ukuta ukabaki ukuta. Kunguru akatua juu yake.

"Kimetoka," sauti ya Nadra ikasema, na mara ikavunjika. Akasikika akilia na kucheka pamoja, na Humam akimwambia pole pole, Dokta, kaa hapa, kunywa maji.

Mahfoudha akafungua vidole. Havikutaka kufunguka.

*

Wakamchukua Marten kwa gari la viyoyozi, amelazwa kati ya mabomba. Pasi zilizokutwa mwilini mwake zilikuwa tatu, kila moja na jina lake. Kabla hajafikishwa alikokuwa akipelekwa, Jaifar alikwisha pata agizo la kuwakamata watu wake katika hoteli mbili za mjini, na mmoja uwanja wa ndege, akiwa kwenye foleni.

Akampigia simu Mahfoudha. Alimweleza kwamba waziri ataambiwa ukweli usiku, akiwa amekaa, na kwa sasa ameambiwa tu kwamba vipaza sauti vilikuwa na hitilafu. Shughuli itaendelea. Nadra amekataa kupumzishwa. Ameosha uso na anasema mkataba huo atauona ukitiwa sahihi kwa macho yake. Halafu akakohoa, kama afanyavyo anapotaka kusema jambo zuri.

"Ungeingia, mwanangu. Ukae japo nyuma. Ni haki yako."

"Baibui langu limechanika."

"Nani atakutazama baibui?"

"Mama yangu, akiniona kwenye televisheni," Mahfoudha akasema. "Mimi ni mtu wa forodhani. N'nafanya nini mimi na mabalozi?"

Jaifar akacheka, akakata simu.

Sala ilikuwa imekwisha. Watu walikuwa wakirudi kutoka msikitini, wakijiweka sawa kofia na vilemba, wakizungumza habari za mpira na bei ya nyumba. Wasichana wakapita wawili wawili, wakibishana kama Zuhura kuna mchanga au hakuna. Mahfoudha akaikunja sehemu iliyochanika ndani ya mkono wa baibui, akavaa miwani ya jua, akaanza kutembea akipishana nao, akiitikia salamu.

Mlinzi wa geti alimfungulia mnyororo. Alikuwa kijana wa Kiomani aliyepigwa na jua mchana kutwa, na akamshangaa kuona anaondoka wakati wenzake wote wanaingia. Akamwambia asubiri kidogo, wanafungua milango sasa hivi, hata wasio na kadi watapita walione tufe.

"Nimeshaliona," Mahfoudha akamwambia, na akapita.